Tandala wa Mwezi wa Saba

Salimu, ndugu yangu,

Jana tumekusomea hitma ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya arobaini, na siku ile watu walikula mbuzi. Alikuwa mbuzi mzuri, Bi Rehema hakubania kitu. Lakini kila aliyekujua alitafuna huku akijizuia kucheka, maana sote tulikumbuka ulivyokuwa ukitangaza pale kwenye kaunta ya bucha lako, Fordsburg, hapa Johannesburg, kisu mkononi: "Nikifa msiwalishe watu nyama ya duka. Nyama ya duka naijua, nimeiuza miaka yote. Wapeni tandala." Wateja walikuwa wakicheka, wakalipa, wakaenda zao. Mkeo hakuwa akicheka. Aliliweka neno lile moyoni, na ulipotutoka mwezi wa kwanza, hata matanga hayajaanuliwa, akaniita jikoni na kuniambia, "Shemeji, alitaka tandala. Tunafanyaje?"

Mwezi wa kwanza, Salimu! Ungekuwepo ungejishika tumbo. Ulikufa katika majira ambayo hakuna mtu mwenye akili anayemtafuta tandala dume. Pori lote limefunga kwa majani, nyasi zinafika kifuani, majike wana mimba nzito au wameshazaa na kuficha watoto, na madume wazee wametawanyika, kila mmoja na kichaka chake, wamenenepa, wametulia, hawana sababu ya kutoka. Unaweza kupita karibu naye hatua chache na usione hata sikio. Nilimweleza Bi Rehema hivyo. Akanitazama kama mtu anayeambiwa duka limefungwa na huku anaona taa zinawaka.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwezi wa saba."

"Na watu watasemaje?"

Watu walisema. Wewe unaujua mtaa wenu wa Mayfair. Ukipiga chafya kwenye kona moja, kona ya pili wanakuuliza kama umepona. Abdi, yule jirani yenu Msomali wa duka la vitambaa, alinisimamisha nje ya msikiti nilipokuja kumwona mkeo, akaniuliza kwa sauti ambayo hata waliokuwa wakitawadha waliisikia, "Mwalimu, huyo mnyama wenu mmempangia tarehe, na yeye amekubali?"

Nilimjibu kwamba amekubali, ila anangoja majani yadondoke.

Nilikuwa najitia ushujaa tu. Moyoni nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Miaka yote ile tulipokwenda kuwinda shambani kwa Oom Dawie, yule mzee wa Kizungu, kule kaskazini, mpigaji ulikuwa wewe. Mimi nilikuwa macho yako. Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma vitabu vya wanyama nyakati za baridi katika chumba changu cha La Rochelle, hapa hapa mjini, miguu kwenye blanketi, halafu nakuja kukuhubiria habari za madume na majira yao huku unapima soseji. Lakini bunduki ilikuwa yako na Bismillah ilikuwa yako, maana bila Bismillah ya Mwislamu anayevuta kifyatuo nyama ile isingeingia katika nusu ya nyumba ulizotaka iingie. Mimi na msalaba wangu shingoni ningeweza kulenga vizuri kiasi gani, ingebaki nyama ya kulisha wachache. Kwa hiyo ulipoondoka, alibaki mtu mmoja tu. Zuhura.

Unajua alivyo mwanao. Kiswahili anakisikia chote, hata tukiongea kwa mafumbo, lakini mdomoni mwake kinatoka Kiingereza, na akikasirika kinatoka Kizulu. "Baba Mdogo" ndilo neno letu pekee alilokuwa akilisema bila kuvutwa. Ulimfundisha kupiga shabaha, ulimsindikiza mpaka akapata kibali chake na bunduki yake mwenyewe, ukamchukua mara mbili shambani akapiga swala pala. Tandala hakuwahi. Ulikuwa ukimwambia bado. Nadhani ulitaka iwe siku kubwa, na wewe uwepo.

Alipewa likizo mwezi wa tano. Ofisini kwao mambo ya likizo hayaangalii majani. Akaja kwangu Jumapili moja na gari lake dogo, akapanda ngazi mpaka chumbani, akasimama mlangoni na kusema twende. Nikamwambia mwezi wa tano ni mwezi wa arusi zao. Akasema ndiyo maana, kwani si ndiyo wakati madume yanaonekana mchana? Alikuwa sahihi, Salimu. Kila kitabu kitakwambia hivyo. Dume mzee anayeishi mwaka mzima kama mzimu, mwezi wa tano anavimba shingo, anasahau kula, anasahau upepo, anawafuata majike peupe. Ukitaka kumwona tu, hakuna wakati bora. Nikakubali. Sikuwa na nguvu ya kumkatalia mtoto aliyefiwa.

Unakumbuka mimi na wewe tulivyogombana kuhusu mwezi huo, miaka ya mwanzo? Mimi na vitabu vyangu nilisema twende wakati wa arusi zao. Wewe ulisema hapana, kwa sababu wewe ulikuwa mtu wa bucha. "Mwalimu, dume mwenye mapenzi nyama yake inanuka mapenzi." Tulikwenda mwaka mmoja kwa ubishi wangu, ukapiga dume linalohema kama limekimbia kutoka Tabora, ukatengeneza biltong, ile nyama ya kukausha, na wateja wakairudisha. Hapo ndipo nilipofunga mdomo. Tukaanza kutafuta pamoja wiki inayofaa, mimi na kalenda yangu ya jua, wewe na mwezi wako mwandamo. Mimi nilileta mwezi wa saba, ile harufu ikiwa imeshatoka na madume wazee wamerudi upweke wao, kabla ukame haujawakausha na kabla upepo wa mwezi wa nane haujaanza kugeuka-geuka. Wewe ulileta zile siku za giza mwishoni mwa mwezi mwandamo. Ulisema ulijifunza kwa mjomba wako porini Ugalla kwamba mwezi ukiwa mkubwa tandala anakula usiku kucha na mchana analala, na mwezi ukifa analazimika kula jua likiwa juu. Sikuwahi kuona jambo hilo katika kitabu chochote nilichokuwa nacho wakati ule. Nililiona kwa macho yangu.

Basi mwezi wa tano tulikwenda, mimi na Zuhura. Oom Dawie alimkumbatia, akavua kofia, akasema maneno machache kwa Kiafrikana ambayo sikuyaelewa yote, ila jina lako lilikuwemo. Alitupa kile chumba chetu cha siku zote. Nilikataa kulala kwenye kitanda chako, nikamwachia mwanao.

Asubuhi ya pili alitokea. Dume mkubwa, shingo imevimba, manyoya ya koo yananing'inia kama ndevu za shehe, majike wanne mbele yake. Alisimama peupe kabisa, ubavu wote wazi. Zuhura alikuwa ameshaegemeza bunduki kwenye fimbo. Nilitazama kwa darubini. Pembe zake zilikuwa nzuri, zimejikunja mara mbili, lakini ncha bado zilikuwa zinatazama ndani. Mgongo ulikuwa umenyooka. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia utu uzima. Wale majike walikuwa wake, na watoto wa mwakani walikuwa wake.

Nikamwekea Zuhura mkono begani. Nikasema, "Acha."

Aliacha. Sifa hiyo ni yako, ulimlea vizuri. Lakini dume lilipokwisha kuingia vichakani alishusha bunduki, akatoa risasi, akaziweka mfukoni moja moja, na hakusema nami tena siku ile. Nilijaribu kumweleza kwamba baba yake alikuwa na sharti moja, tunamchukua aliyemaliza. Aliyemaliza kuzaa, aliyesukumwa pembeni na vijana, ambaye huenda hataziona mvua za kwanza. Ukimtoa huyo hujapunguza kitu. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu tangazo la uwanja wa ndege.

Siku ya kurudi tulishika barabara kuu ya N1. Tulipoingia Johannesburg, kwenye robot ya kwanza ya barabarani, taa ikiwa nyekundu, akasema. Alisema kwa Kiingereza, nami nakuandikia kwa lugha yetu: "Wewe humngoji tandala. Unamngoja Baba. Unataka usiwepo msimu wowote ambao mtu mwingine anaweza kusimama mahali pake."

Taa ikawa kijani. Nyuma yetu watu wakapiga honi.

Sitakuficha, maneno hayo nilikaa nayo. Nilikwenda nayo kanisani, nikarudi nayo. Nilipofundisha watoto wa Kikongo wa jengo letu hesabu za jioni, yalikuwa pale pale kati yangu na ubao. Kwa sababu mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli, Salimu. Inawezekana dume lile lilikuwa bado kijana, na inawezekana pia mkono wangu ulifurahi kulikuta kijana. Nilijipima kila upande. Ncha zilikuwa zinatazama ndani, hilo naapa. Lakini kama zingekuwa zinatazama mbele, je, ningesema piga? Nilitaka kujibu ndiyo, na ulimi ulikuwa mzito.

Nyumbani kwako nako mambo yalichacha. Bi Rehema alinipokea na chai bila sukari, na unajua maana yake. "Shemeji, umemrudisha mwanangu mikono mitupu. Mnyama alisimama, bunduki ilikuwepo, mtu alikuwepo. Kilichokosekana nini?" Nilianza habari za pembe. Akanikatiza. "Pembe tunapika?" Kisha akaenda kukaa kwenye kaunta ya bucha, maana siku hizi ndiye anayekaa pale, na nasikia kila mteja aliyeuliza habari ya hitma aliambiwa, "Muulizeni Mwalimu, ndiye mwenye ratiba ya wanyama."

Mwezi wa sita nilimpigia Zuhura simu. Nilimwambia kwamba huenda alisema kweli, na sijui. Nilimwambia kwamba mwezi wa saba mwishoni nitakwenda naye kama atataka, lakini sitasema acha, wala sitasema piga. Atachagua mwenyewe. Nitamwonyesha tu kila ninachokijua kabla hatujaenda, kisha nitanyamaza. Akajibu, "Eish, Baba Mdogo. Haya."

Basi alikuja Jumamosi kadhaa. Tulikaa pale mezani kwangu, kati ya vitabu, nikamfungulia picha moja baada ya nyingine. Nilimwonyesha ncha za kijana na ncha za mzee. Nilimwonyesha shina la pembe linavyonenepa na kuchakaa, manyoya ya koo yanavyopukutika uzeeni, ngozi inavyobadilika kuwa ya kijivu cha moshi. Nilimwambia habari za jua. Kule kwetu kando ya ziwa, nilikozaliwa, jua halina upande linaoupendelea sana, linapita juu ya kichwa na kwenda. Hapa, wakati wa baridi, linainamia kaskazini mchana kutwa. Kwa hiyo baada ya usiku wa barafu dume mzee hupanda mteremko unaotazama kaskazini kuota jua, naye hafanyi haraka. Vijana wanaondoka mapema. Mzee anabaki mpaka karibu adhuhuri, mifupa ipate moto. Zuhura alinitazama mimi, akalitazama lile blanketi langu miguuni, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza acheke mbele yangu tangu tukuzike. Nilimwacha acheke. Alikuwa na haki.

Aliniuliza jambo moja ambalo wewe hukuwahi kuniuliza. Aliuliza kwa nini mtu aliyesoma, asiye mwindaji, asiye na bunduki, anajali hivi majira ya mnyama mmoja. Nikamwambia kweli. Nilivushwa ziwa nikiwa mtoto mgongoni kwa mama. Nilikaa Kigoma, nikakaa Mpanda, nikasoma Morogoro, nikafundisha mahali ambapo hata majina yake yamebadilika, nikaja huku. Kote nilikokaa niliondoka kabla sijajua vizuri kitu gani huja baada ya kingine. Shamba lile la Oom Dawie ndiyo sehemu ya kwanza duniani ambako nimeona kipindi kile kile kinarudi, na wanyama wale wale, mwaka baada ya mwaka, nikaweza kusema kesho kutwa jani hili litaanguka, na likaanguka. Kwa mtu kama mimi hiyo ni sawa na kuwa na kwao. Na ni wewe uliyenipeleka, kwa kuwa uliona mimi Mmanyema nasoma sana na nanenepa vibaya.

Mwezi mwandamo ulikuwa umekwisha tulipofika shambani. Zuhura alikuwa ameutazama kwenye simu yake, lakini pia, ameniambia baadaye, alimuuliza mzee wa msikitini. Baridi ilikuwa kali, birika la nje liliganda. Asubuhi ya kwanza tuliona vijana watatu na hatukuona kingine. Asubuhi ya pili upepo ulikuwa mbaya tukarudi. Siku ya tatu tulipanda yale mawe yetu, yale uliyokuwa ukiyaita sebule, tukakaa tukitazama mteremko wa ng'ambo. Jua lilipanda. Majani mengi yalikuwa chini, matawi yamebaki mifupa mitupu. Vijana walikula, wakapita, wakaenda. Zuhura hakunyanyuka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kusikia njaa, na nilikuwa nakaribia kusema labda kesho, nikakumbuka ahadi yangu nikanyamaza.

Nilikuwa nafuta vioo vya darubini, vina kawaida ya kupata ukungu kwa pumzi yangu, niliposikia sauti ndogo pembeni yangu. Kwa Kiswahili, Salimu. Kiswahili chako cha Tabora kabisa, kile cha kuvuta-vuta mwisho.

"Baba Mdogo. Huyo kamaliza."

Sikuwa nimemwona. Nakwambia, mimi niliyekuwa macho yako, sikuwa nimemwona. Ilinibidi nifuate anakotazama. Alikuwa amesimama kwenye jua kati ya migunga miwili, wa kijivu kama jiwe, na angekuwa jiwe kweli kama asingetikisa sikio. Ncha zilikuwa zinatazama mbele na nje, moja imevunjika. Manyoya ya koo yamekwisha. Nyonga zimetokeza. Alikuwa amefumba macho.

Nilihisi neno linapanda kooni. Sijui lilikuwa acha au lilikuwa piga, kwa sababu nililiuma kabla halijafika mdomoni, na hivyo sitajua kamwe. Nilitazama midomo ya mwanao. Ilicheza. Hakutoa sauti kama wewe mwaka ule wa kwanza ulipopaza Bismillahi Allahu Akbar kama mwadhini, na tandala hakungoja hata Allahu. Yeye alisema kama mtu anayemwambia mtu aliyelala jambo ambalo hataki limwamshe. Akangoja. Dume likageuka kidogo, likafungua bega. Akapiga.

Lilikwenda hatua chache likalala. Zuhura hakukimbia. Wewe ulikuwa ukikimbia na tumbo lako, kisu kiunoni, mpaka siku ulipotumbukia kwenye shimo la muhanga na mimi nikashindwa kukuvuta kwa kucheka. Yeye alitembea haraka, akafika akahakikisha, akaelekeza kichwa kibla, akafanya kazi ya kisu kama ulivyomfundisha, vizuri, bila kurudia. Kisha akakaa chini kwenye mawe, kisu bado mkononi, akalia. Nilikaa karibu naye. Baada ya muda akafuta uso kwa mkono wa sweta, akapaka damu shavuni bila kujua, akaniuliza kwa Kiingereza kama nina ile chai kwenye chupa au nimeisahau kwenye bakkie, yaani kwenye pikapu.

Nilikuwa nimeisahau kwenye bakkie.

Oom Dawie alipoona meno alisema dume lile lisingefika mvua. Yalikuwa yamelika mpaka kwenye fizi. Alikuwa akifa njaa taratibu huku majani yapo. Zuhura alisikia hivyo akanitazama, nami nikatazama pembeni, lakini nilimwona akitabasamu.

Nyama ilikuwa ngumu. Nisikudanganye kwa kuwa umekufa. Bi Rehema aliilaza kwenye mtindi na tangawizi na papai bichi, akaipika tangu alfajiri, wanawake wa mtaa wakimwuliza kama anapika nyama au kiatu. Lakini jana saa saba, pilau ilipopakuliwa, nyama ilikuwa inaachana yenyewe. Walikuja watu wengi. Wateja wako wa Fordsburg, Wasomali, Waburundi wawili wa saluni, wale Wahindi wa duka la viungo. Mimi nilivua viatu nikakaa nyuma karibu na mlango, mahali pangu pa siku zote, nikasikiliza kisomo na kukuombea kwa namna yangu. Abdi alikula sahani mbili, akanisogelea na kuninong'oneza, "Mwalimu, ni nzuri. Si ngamia, lakini ni nzuri." Na mkeo alipokuwa anakusanya sahani alisimama juu yangu. "Shemeji, kumbe ulikuwa na haki. Lakini ungenieleza vizuri nisingekusema Mayfair nzima." Nikamwambia nilimweleza. Akasema, "Ulinieleza habari za pembe." Chai aliyoniletea ilikuwa na sukari mpaka kijiko kikasimama.

Habari nyingine ni chache. Bucha linakwenda. Bunduki yako bado iko kwa muuza silaha mpaka mambo ya mirathi yaishe. Goti langu la kushoto linajua hali ya hewa kuliko redio. Johannesburg ni ile ile, mwezi wa nane umeingia na vumbi lake, na madirisha yangu yanapiga kelele. Nakukumbuka zaidi Ijumaa, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndiyo siku uliyokuwa ukifunga mapema na kunipigia simu bila sababu.

Naridhika, Salimu. Sikutegemea kuandika neno hilo mwaka huu. Nilidhani baada yako nitakuwa tena yule mtu asiyejua kitu gani huja baada ya kingine.

Jana usiku, wakati ananirudisha La Rochelle, Zuhura aliniuliza kama niliwahi kuliona shamba lile wakati wa joto na mvua, pori likiwa kijani. Nikafikiri, nikagundua kwamba sijawahi. Miaka yote hiyo, mimi na wewe tulilijua pori lile kwa baridi tu, matawi matupu na nyasi kavu, kama wageni wanaokuja siku ya msiba na hawarudi siku ya arusi. Akasema, basi mwezi wa kwanza twende, bila bunduki, tukatazame watoto. Mama zao wanawaficha kwenye nyasi ndefu na kwenda kula, nao wanalala pale, masikio makubwa kuliko vichwa, wala hawatikisiki mpaka waitwe.

Nimemwambia ndiyo. Itakuwa inakaribia mwaka tangu ututoke, na yule dume kijana wa mwezi wa tano atakuwa ameshakuwa baba. Tutatembea polepole kwa ajili ya goti langu. Tukimpata mtoto mmoja amelala tutasimama mbali tusimtishe, na nitamwacha mwanao atazame kwanza.

Lala salama, ndugu yangu. Mungu wako na Mungu wangu wakuangalie, wewe ndiye uliyekuwa ukisema ni yule yule.

Mmanyema wako,
Mwalimu